Mbao Nne za Matsue

Kyoto, 21 Januari 1978

Shangazi Mitsue,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba theluji ya huko haijakufungia mlango. Sisi huku tunaendelea. Baba hajambo, isipokuwa macho. Bado tunakushukuru kwa ubani uliotutumia Mama alipofariki.

Najua utashangaa kuona bahasha nene. Miaka yote tumekuwa tukitumiana kadi ya mwaka mpya tu, wewe mstari mmoja, mimi mstari mmoja. Leo nina mengi. Mimi ndiye Chizuru, binti wa pekee wa kaka yako Ryosuke, niliyekataa wachumba watatu waliokuwa tayari kuingia kwetu na kuchukua jina letu. Kwa hiyo hapa mtaani Teramachi wananiita aliyeiua nyumba ya Sugitani. Sasa naona wamepata la kusema, maana Baba ametangaza kwamba mwisho wa mwaka huu tunafunga duka letu la kuchapa vitabu. Haoni vizuri, hana mwana wa kiume, hana mkwe wa kumrithi. Ila kabla ya kufunga anataka tuchape mara ya mwisho kitabu kilichoianzisha nyumba hii, Kitabu cha Nyenje, kitabu cha picha za wadudu, kwa mbao zilezile za zamani zilizochongwa picha hizo.

Umoja wa Wauza Vitabu nao wameniomba niandike historia yetu fupi kwa ajili ya kitabu chao cha kumbukumbu. Basi nikaingia ghalani kuziangalia mbao. Nyenje ni thelathini, kila mmoja na ubao wake, kila ubao na nafasi yake kwenye rafu. Nafasi nne ni tupu, tena katikati kabisa.

Nilimwuliza Baba ziko wapi. Akasema, "Waulize panya." Nikaenda kwa Mama Shino, mjane wa fundi wetu wa zamani, naye bila hata kumeza chai aliyokuwa nayo mdomoni akasema, "Aliziiba shangazi yako siku alipoolewa."

Sijakuandikia kukushtaki, Shangazi. Mimi kasoro yangu ni kuuliza tu, na nikishaanza silali. Ni kweli unazo? Na kama unazo, ilikuwaje?

Mwanao,
Chizuru


Matsue, 9 Februari 1978

Mwanangu Chizuru,

Marahaba. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanayolalamika asubuhi. Theluji ilinifungia mlango kweli, nikaufungua mwenyewe kwa koleo, kwa hiyo usinihurumie.

Kuhusu wachumba, watatu ni wachache. Mimi niliwakataa wanne kabla ya kumpata marehemu Hamada, na hata yeye nilimkubali kwa sababu alikuwa akicheka kabla ya mwisho wa hadithi. Waache Teramachi waseme. Walisema juu yangu mpaka wakachoka, na mtaa bado umesimama.

Panya wa Kyoto watakuwa na meno mazuri sana ikiwa wanakula mbao za mcheri. Mwambie Mama Shino kwamba sikuiba kitu. Zile mbao nilipewa. Zilifungwa mbele ya macho yangu katika kitambaa cha zambarau, na ninazo mpaka leo katika kabati la kimono, pamoja na kafuri ya kuzuia wadudu. Ndiyo, naweka dawa ya wadudu kwenye picha za wadudu. Cheka.

Sasa nikuulize na mimi. Anayetaka kujua ni wewe au ni baba yako? Maana kama ni wewe, nitakueleza kila kitu kidogo kidogo, nina muda. Kama ni yeye, basi asijifiche nyuma ya mgongo wako. Katika kazi yetu mbao zilizo kwa mwingine haziombwi kwa barua. Mkuu wa nyumba hutoka mwenyewe, anabeba samaki changu na pombe ya mchele, anakaa chini, anaomba. Ryosuke aliijua desturi hiyo kabla hajajua kujifuta kamasi.

Kunywa mchuzi wa kome. Barua yako inanukia mtu asiyelala.

Shangazi yako wa Matsue


Kyoto, 2 Machi 1978

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Huku maua ya mplamu yameshafunguka na kesho ni sikukuu ya wasichana. Nimewapanga wanasesere wa Bibi kwenye ngazi yao nyekundu, mimi msichana wa miaka thelathini na minane.

Nilimsomea Baba barua yako tukiwa tunakula. Aliposikia habari ya kafuri, akaweka vijiti chini.

"Kumbe anazitunza," akasema.

"Ulidhani ataziuza?"

"Sikudhani kitu. Endelea kula."

Lakini mimi sikuendelea, unanijua sasa. Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kuja kuziomba. Nilipoanza kukusanya vyombo, ndipo akasema. Nakuandikia maneno yake kama yalivyotoka.

"Unajua mbao za kizuizi ni nini? Nyumba mbili zikichapa kitabu kwa ubia, hii inashika mbao nyingi, ile inashika chache. Mwenye nyingi hawezi kuchapa kwa siri, kitabu kitakuwa na mashimo. Watu huwekeana kizuizi wakiogopana, Chizuru. Baba yangu alinikabidhi nyumba hii mbele ya wauza vitabu wote, mwezi huohuo akampa dada yangu mbao nne. Maana yake nini? Maana yake mrithi wangu si mwaminifu, mshikilie."

"Ulimwuliza Babu kama ndiyo maana yake?"

"Utamwulizaje baba yako kama anakuona mwizi? Na akisema ndiyo?"

"Na Shangazi?"

"Yeye alizipokea," akasema, kisha akaomba chai amwagie kwenye wali wake.

Kwa hiyo mtaani wewe ndiye mwizi, na moyoni mwake mwizi ni yeye. Nimekaa na jambo hili siku nyingi na sipati usingizi, kome au bila kome. Babu alikuwa na maana gani? Wewe ulikuwepo. Nauliza kwa ajili ya historia ninayoandika, ila si kwa hiyo tu.

Mwanao,
Chizuru


Matsue, 28 Machi 1978

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata na magoti yanakusalimu. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilianza barua hii mara nyingi nikaichana. Nimeumia, Chizuru. Nimezeeka nikidhani kaka yangu ananidharau, kumbe alikuwa amekaa kule anaona haya.

Sikiliza, na hili uliandike kwenye historia yako au usiliandike, shauri lako.

Babu yako alikuwa na mdogo wake, Kenjiro. Alikwenda Osaka kufungua duka la vitabu. Mwanzoni waliandikiana kila mwezi, kisha kila mwaka, kisha basi. Siku moja mleta karatasi, huku anashusha mzigo, akasema, "Pole kwa msiba wa Osaka." Kenjiro alikuwa ameshazikwa. Babu yako alisaini kupokea karatasi, akaingia karakana, akakaa humo mpaka giza. Hawakuwa wamegombana hata siku moja, na hilo ndilo lililomtesa. Hawakuwa na ugomvi wala haja. Hakuna aliyemhitaji mwenzake kwa lolote, basi wakaachana hivihivi.

Juma moja kabla ya harusi yangu aliniita ghalani. Alikwishatoa mbao nne kutoka katikati ya rafu ili pengo lionekane na kila anayeingia. Akazifunga katika kile kitambaa, akasema hivi, nakumbuka kila neno: "Ryosuke ni mtu mwema, lakini haendi kwa mtu bila kazi. Nakupa hizi uwe kazi yake. Kila atakapotaka kuchapa nyenje, itabidi apande treni mpaka kwako, na ukimwona utamlisha."

Baridi ya mwaka uliofuata akafariki. Nilidhani amemwambia na Ryosuke. Nilikaa nikimsubiri. Kila mwaka nyenje walipoanza kulia nilianika godoro la wageni juani, nikamwambia Hamada, "Mwaka huu atakuja." Hamada alikuwa anacheka, baadaye akaacha kucheka.

Najua utauliza kwa nini sikuandika mimi. Mwanamke aliyeolewa akaondoka hawezi kuanza kuiita nyumba aliyotoka. Anayebaki na nyumba ndiye anayeanza. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu yetu, na kiburi nacho kilikuwa kingi, sikatai. Nilikuwa mchapaji hodari kuliko yeye, na wote wawili tulijua. Kingo za kurasa zake zilikuwa zinapauka kwa sababu alikuwa anakimbiza kisugulio juu ya karatasi badala ya kuikandamiza taratibu. Nyumba akapewa yeye kwa kuwa ndiye mwanamume. Kwenda kwake na kusema "njoo unione" kulinishinda.

Msomee baba yako barua hii. Mbao sizitumi. Unajua kwa nini.

Shangazi yako,
Mitsue


Kyoto, 4 Aprili 1978

Shangazi,

Shikamoo, na nisamehe sikuulizi hali. Jana jioni nilimsomea Baba barua yako mpaka mwisho. Aliniomba nirudie pale Babu aliposema ghalani, nikarudia. Kisha akaenda kulala. Asubuhi nimeamka, kofia yake haipo, viatu vya kutokea havipo, fimbo ameiacha. Muuza samaki wa sokoni Nishiki anasema alifungua duka akamkuta Baba amesimama nje, akamwuzia changu mkubwa kuliko wote.

Shangazi, yule mzee siku hizi hata mlango wa bafu anaukosa. Ungekubali kuwekewa simu ningeshapiga. Nakutumia barua hii kwa haraka. Yuko kwako?

Chizuru


Matsue, 6 Aprili 1978

Mwanangu Chizuru,

Tulia. Alikuja, akala, akalala, na leo nimempandisha treni mwenyewe na kumkabidhi kwa kondakta. Atafika kabla ya barua hii, na najua hatakueleza kitu, kwa hiyo nakueleza mimi.

Nilisikia mlango unasukumwa, nikadhani ni mtu wa gazeti. Nikamkuta kaka yangu amesimama na kofia, amekonda, ameshika kifurushi kinachonuka nyumba nzima. Mtu ametoka Kyoto kwenye milima kutuletea samaki sisi tunaokaa kando ya maji.

"Huyo samaki ana umri gani?" nikamwuliza.

"Mdogo kuliko wewe," akasema.

Hiyo ndiyo salamu yetu baada ya miaka arobaini na sita. Nikamkaribisha.

Alikaa vizuri, mikono juu ya mkeka, akainamisha kichwa mbele yangu kama anavyotakiwa mkuu wa nyumba. "Nyumba ya Sugitani inakuomba mbao za nyenje ilizoweka kwako."

Nikanyanyuka, nikafungua kabati, nikatoa ubao mmoja.

Akaupapasa mgongo, akapapasa kando yake, akatafuta nyingine. "Ziko nne."

"Hesabu naijua."

"Sasa?"

"Sasa umepata mmoja. Ukitaka wa pili, njoo tena."

"Mitsue, mimi ni mzee."

"Ndiyo sababu usichelewe kurudi."

Alikasirika, mwanangu. Alitoka nje akasimama kando ya ziwa kama vile analiona. Mimi nikapika kome. Harufu ilipomfikia akarudi, akakaa, akapokea bakuli. Baada ya bakuli la pili akasema, "Alisema kweli hivyo? Kwamba siendi kwa mtu bila kazi?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Alinijua." Kisha tukalia, kila mtu akitazama upande wake, mpaka mchuzi ukapoa.

Usiniambie mimi ni mkorofi. Najijua. Lakini nikimpa zote nne leo, nitamwona tena lini?

Shangazi yako


Kyoto, 19 Julai 1978

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Umeshindaje na joto? Huku sherehe za Gion zimekwisha, magari ya sherehe yamebomolewa, na masikio yangu bado yanasikia ngoma.

Ubao wa pili Baba amefika nao salama. Jamani, amekuwa mtu mwingine. Alipotoka kwako alitembea Teramachi yote ameukumbatia, na kila aliyemsalimu alisimamishwa akaonyeshwa. Mama Shino naye alionyeshwa. Amesema siku zote alijua hukuiba.

Wa kwanza alikuwa nyenje wa kengele, na huyu wa pili ni yule wa kijani anayekaa juu ya miti. Nilimwuliza Baba waliobaki ni akina nani. Anawakumbuka, namwona kabisa kwamba anawakumbuka, ila hasemi. "Subiri uwachape," anasema.

Ndiyo, mimi ndiye ninayechapa. Yeye haoni kingo tena. Ninapaka wino, ninalaza karatasi, ninasugua, yeye ananisikiliza. Anajua kwa sauti ya kisugulio nimekosea wapi. Karatasi anaijua unyevu wake kwa kuiweka shavuni. "Unakimbia," ananiambia. "Punguza. Unachapa kama mimi. Chapa kama shangazi yako." Nilidhani utapenda kusikia.

Sasa nakuomba jambo, na nakuomba kwa magoti. Daktari anasema kabla ya mwaka kuisha giza litakuwa limefunga. Mbao zimebaki mbili. Nipe zote mbili safari ijayo, ili akiguse kitabu kizima angali anaona japo kivuli chake. Huu ndio mwisho wa nyumba, Shangazi. Nisingependa uishe na mashimo.

Mwanao,
Chizuru


Matsue, 22 Agosti 1978

Mwanangu,

Joto limenishika lakini halijaniangusha. Juma lililopita tuliwasha taa za kuwaaga marehemu, nikamwambia Babu yako kwamba mpango wake umefanya kazi, umechelewa kidogo tu.

Ombi lako nimelisoma. Unadhani sifikirii macho yake? Alipokuja mara ya pili alisalimia nguzo. Usiku nilimsikia anahesabu hatua za kwenda chooni kwa sauti ndogo ili asinisumbue, nikajifunika shuka usoni. Naogopa, Chizuru. Naogopa nitatoa mbao zote na atakaa huko gizani bila sababu ya kutoka, nami nitakaa hapa. Tulipoteana mara moja kwa kutokuwa na la kuombana.

Kwa hiyo sikuahidi. Ngoja aje, nimwone, niamue.

Umesema unachapa. Hukusema kama unapenda.

Shangazi yako


Kyoto, 25 Novemba 1978

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumai hujambo na baridi haijakukuta bila mkaa. Nimechelewa sana, nilikuwa sijui nianzie wapi.

Baba alirudi kutoka kwako mwezi uliopita na ubao wa tatu. Nyenje wa miguu mirefu, mwenye kichwa kama cha farasi. Nilimchapa siku ileile. Nilipomkabidhi Baba karatasi akaipitisha vidole, akanusa wino, akauliza kingo zikoje. Nikamwambia ni nyeusi mpaka mwisho. Akasema, "Vizuri," na kwa Baba neno hilo ni hotuba.

Lakini tangu hapo ametulia. Nilimwuliza safari ya nne lini, akasema haendi. Nikadhani anaumwa. Akasema haumwi. Nikadhani mmegombana. Akasema mlikula vizuri sana. "Basi, na ubao wa nne?" "Acha ukae."

Jumatatu walikuja watu wa makumbusho kupima rafu, maana tukifunga mbao zitakwenda kwao. Walikuja na karatasi za kusaini. Baba akawapa chai, akawaambia warudi majira ya maua, kisha akaenda kulala mchana. Kibao cha duka bado kinaning'inia na mimi sijui nikitolee ngazi au la. Umoja wa Wauza Vitabu wanataka historia yangu, na sijui niandike tulifunga au tunafunga.

Uliniuliza jambo mwezi wa nane nikajifanya sikuliona. Nakujibu sasa. Napenda. Napenda kuchapa mpaka nikienda sokoni mkono wangu unazunguka wenyewe. Nilipokataa wale wachumba, watu walidhani sitaki nyumba. Nilitaka nyumba, sikutaka kuipata kwa kuolewa na mtu atakayekaa mbele huku mimi nikimletea chai. Sijawahi kumwambia Baba. Nitamwambiaje leo, siku anapofunga? Itakuwa kama namlaumu.

Nisaidie hata kidogo. Nitumie ubao wa nne kwa posta. Najua desturi, lakini yeye haji tena, na macho hayarudi. Nimalize angalau kitabu, nikikosa vingine vyote.

Mwanao,
Chizuru


Matsue, 3 Desemba 1978

Mwanangu Chizuru,

Mkaa upo. Mimi mzima, na leo hata magoti yamenyamaza.

Baba yako alinikataza nisikuambie haya. Lakini nimeshaona tulivyofaidika na kutoambiana katika ukoo huu, kwa hiyo nakuambia.

Alipokuja mara ya tatu nilikuwa nimeshaamua. Nilimwona anavyoshika ukuta, nikaona aibu ya mchezo wangu. Alipomaliza kuomba nilitoa mbao zote mbili nikaziweka mbele yake. "Chukua," nikasema. "Hesabu imekwisha. Ukija tena, njoo kwa kome."

Akazipapasa. Mmoja akauvuta kwake. Mwingine akausukuma kwangu.

"Huu si wangu," akasema.

"Ni wa nani?"

"Wa mkuu wa nyumba."

"Mkuu wa nyumba si wewe, wewe mzee?"

"Mpaka mwisho wa mwaka ni mimi. Nilisema nafunga kwa sababu nilidhani yule mtoto hataki. Alikataa wachumba watatu, nikajua ananiambia hataki. Sasa mwaka mzima ananiuliza mambo. Kizuizi ni nini, karatasi inalowekwa vipi, Babu alisema nini. Mtu asiyetaka nyumba hajali nyumba imetoka wapi. Halafu anachapa, Mitsue. Sioni, lakini nasikia. Ni wewe mtupu."

Chizuru, hapo ilibidi niinuke nikajidai naangalia birika.

Nikamwuliza, "Kwa nini usimwambie mwenyewe?"

"Nikimwambia atakubali kwa kunionea huruma, mzee kipofu. Sitaki. Uache hapa. Akiutaka kwa haki yake ataufuata mwenyewe. Asipoutaka, sitakuwa nimemfunga."

"Na mimi nikifa kabla hajaja?"

"Usife," akasema, akaomba aongezewe wali.

Basi hayo ndiyo yaliyosemwa. Yeye anadhani wewe hutaki, wewe unadhani yeye hakuoni, na mmekaa nyumba moja mnapakana wino. Kwa kaka yangu sishangai. Kwako nilitarajia zaidi, maana wewe ndiye unayejua kuuliza. Umewauliza watu wote swali hili isipokuwa yeye.

Sitautuma kwa posta kwa ajili ya kumalizia kitabu. Ubao huu nilishikishwa niwe kazi ya aliyebaki na nyumba. Alikuwa Ryosuke, naye amekuja, ameimaliza kazi yake. Kuna nyenje mmoja hapa ambaye hujawahi kumwona, na sikuambii ni yupi, hata ukinibembeleza.

Kama hutaki nyumba, niandikie tu. Nitaelewa, sitakulaumu, wala hakuna mtaani Teramachi atakayelijua. Hapo ndipo nitampeleka nyenje huyu posta, baba yako afunge kwa amani. Lakini kama unaitaka, usinijibu. Mkuu wa nyumba haombi kwa barua.

Shangazi yako,
Mitsue